Kibao Changu Kimepakwa Rangi Mara Sita

Wandugu, jumamosi wengi mliniandikia kwamba mvua iliwazuia, wengine barabara yenu ilikuwa imegeuka mto, basi nimekaa nikaandika yote nilivyosema pale Katuba, hapa Lubumbashi, juu ya majina ya sistemi za mashini (kompyuta), kwa msaada wa sauti ambayo mtoto wa dada yangu alirekodi kwa telefoni yake (unasikia pia kikohozi cha muzee mmoja kila dakika tano, hicho sikiweki). Picha za ukutani nimeziacha, na kusema ukweli hata waliokuja hawakuziona zote, umeme ulikatika kwenye picha ya nne tukaendelea hivyo hivyo. Maneno njo haya.

*

Jambo yenu! Ba mama jambo, ba papa jambo, mafundi wenzangu jambo, na nyinyi vijana wa nyuma pale mnaocheka hata sijaanza, jambo yenu pia.

Nitaanza na kibao. Wale wanaojua kazi yangu wanakijua, kile cha mbao juu ya mlango, kirefu kama mtu aliyelala. Kimepakwa rangi mara sita. Mara ya kwanza ni 2004, fundi wa rangi aliniandikia TUNAWEKA WINDOWS XP, herufi za bluu na kivuli cheusi, na kwa sababu yeye analipisha kwa herufi nilimshukuru Mungu kwamba XP ni herufi mbili tu. 2008 ikawa VISTA. Herufi tano! Nikalipa. Na hiyo Vista hakuna mtu aliyeitaka, watu walikuwa wananiletea mashini mpya kabisa yenye Vista ndani wananiambia shefu, nitolee hii, unirudishie XP. 2010 tukaandika 7. 2013 tukaandika 8. 2016 tukaandika 10. 2022 tukaandika 11. Leo jua la saa kumi likipiga kile kibao, ukisimama kando kidogo, chini ya 11 unaona mgongo wa ile 8, na chini ya 8 unaona mguu mmoja wa V ya Vista, bado umesimama pale.

Sasa nawauliza. Mimi nilibadilisha kazi? Hapana. Nilihama? Hapana. Mashini zilibadilika? Zingine ndiyo, lakini kuna papa mmoja wa Kamalondo mashini yake ile ile imepita mikononi mwangu na majina matatu. Basi mara sita nililipa nini?

Nililipa jina! Ile kitu kwa Kiswahili cha vitabu wanaita mfumo endeshi, sisi hapa tunasema sistemi, ni kitu kimoja: ile inayoamka ukiwasha mashini na kupangia programu zote kazi. Na leo niko nataka tuzungumze juu ya jina lake peke yake. Jinsi linavyobadilika, nani analibadilisha, na juu ya nini mara linaandikwa na herufi kubwa, mara ndogo, mara na namba, mara na kitu kitamu.

Musifikiri haya ni mambo ya mbali. Nyinyi mnaishi fasi gani? Lubumbashi. Na muzee wako alizaliwa fasi gani? Atakuambia Élisabethville. Alihama? Hakuhama hata avenue! 1966 alilala Élisabethville akaamka Lubumbashi. Nchi ikaitwa Zaïre 1971, ikarudi Congo 1997. Katanga, jimbo letu, ikaitwa Shaba, ikarudi Katanga, na 2015 ikakatwa vipande vinne sisi tukabaki Haut-Katanga. Kampuni ya shaba, Union Minière, ikafika mpaka Gécamines. Na shaba chini ya udongo? Haikuambiwa kitu.

Na angalia namna ya kuandika. Nani hapa anaandika Lubumbashi yote kwa telefoni? Hakuna! Unaandika L'shi. Wazee wanaandika E'ville mpaka leo, na mimi naona ile alama ndogo ya juu ilitoka kwa E'ville ikahamia kwa L'shi, jina lilikufa lakini koma yake ikaolewa na jina lingine. Hakuna waziri aliyesaini hiyo. Shikeni hiyo koma, tutaikuta tena njiani.

Twende kwa herufi.

Nitawapa hadithi ya kijana wangu mmoja wa staji, anayejifunza kazi kwangu, jina simtaji juu yuko hapa ndani na ameanza kuinamisha kichwa. Biro (ofisi) moja ya mjini waliniita, ruta yao, ile mashini inayogawa intaneti, inasumbua. Mimi niko na kazi nyingine, namtuma yeye, namwandikia kwa telefoni haraka haraka: "weka ios mpya, kisha uniambie versio". Herufi zote ndogo, kama tunavyoandika sisi wote. Kijana anafika. Anaomba kuonana na bosi. Anamwambia bosi, kwa adabu yote, naomba iPhone yako. Bosi anampa! Bosi alifikiri ni sehemu ya kazi. Kijana amekaa pale asubuhi nzima na intaneti yao ile ile mgonjwa, anapakua, anapakua, saa saba ananipigia: "Shefu, nimemaliza, ios iko mpya kabisa." Nikamuuliza, na ruta? Akasema: "Ruta gani?"

Musimcheke, kosa ni langu. Ruta za kampuni ya Cisco ziko na sistemi inayoitwa IOS, herufi tatu zote kubwa, jina la miaka mingi sana. Telefoni ya Apple, iPhone, ilitoka 2007, na 2008 sistemi yake ikaitwa iPhone OS. Kisha 2010 wakatoa iPad, ambayo si telefoni, na ina sistemi hiyo hiyo. Utaitaje sistemi "ya iPhone" ndani ya kitu ambacho si iPhone? Basi mwezi wa sita wa 2010 wakaikata, wakaandika iOS. Lakini jina lilikuwa na mwenyewe, ilibidi Apple wapate ruhusa kwa Cisco kulitumia. Tofauti iliyobaki kati ya hizo mbili ni i moja, kubwa au ndogo. Herufi moja ilinikulia siku moja ya kazi na ikamfanya bosi wa watu akae bila telefoni yake mpaka saa saba.

Sasa hao hao Apple na mashini zao za mezani. 1984 Macintosh ya kwanza sistemi yake haikuwa hata na jina la kujivunia, iliitwa System, basi. Kama mtoto anaitwa Mtoto. 1997, na toleo la 7.6, wakaandika Mac OS, juu wakati ule walikuwa wameruhusu kampuni zingine kutengeneza mashini zinazotumia sistemi hiyo, na kitu kikianza kuingia nyumba za wengine kinahitaji jina lake. 2001 ikawa Mac OS X. 2012 wakaondoa Mac wakabakisha OS X. 2016 wakarudisha mac, lakini herufi ndogo, na X wakaitupa: macOS. Unaona? Ni kama mtu anayevaa koti, anavua koti, anarudisha koti lakini amekunja mikono.

Ile X ilinipa aibu. Mimi kwa miaka nilikuwa nasema "Mac OS iks". Nasema kwa sauti, mbele ya wateja, mbele ya wanafunzi. Siku moja anaingia mteja aliyekaa Johannesburg muda mrefu, ananisikiliza, ananiacha nimalize, kisha ananiambia polepole kama mtu anayekuonyesha kwamba zipu iko wazi: papa, hiyo si iks, ni kumi. Ni kumi ya Kirumi! Kwa sababu iliyotangulia ilikuwa Mac OS 9. Nilibisha. Nilimwambia sasa mbona wanaandika Mac OS X 10.6, ni kumi, kumi nukta sita? Akasema ndiyo, njo vile. Kumi mara mbili. Na walikaa na ile kumi tangu 2001 mpaka 2020, miaka karibu ishirini, 10.1, 10.2, mpaka 10.15, ndipo wakapanda 11.

Na macOS ya leo, juu ya nini m ndogo? Kwa sababu ndugu zake walizaliwa hivyo: iOS, kisha watchOS ya saa, tvOS ya televisheni, baadaye iPadOS. Mkubwa wa nyumba akabadilisha jina lake lifanane na ya wadogo wake! Waandishi wengi walilia, wanasema jina la mwanzo wa sentensi linaanzaje na herufi ndogo. Mimi sikulia. Sisi wabantu tunajua hiyo zamani. Wataalamu wengine wa lugha wanaandika kiSwahili, K iko ndogo, S iko kubwa. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 imeandika isiZulu, isiXhosa, kiambishi kidogo, mzizi mkubwa. Kipande kimoja kinasema ukoo, kipande kingine kinasema wewe nani ndani ya ukoo. Apple wao wameweka ukoo nyuma, OS, na jina la mtu mbele. Ni ngeli tu, bandugu, waligundua ngeli wamechelewa.

Neno la kando kidogo juu ya herufi kubwa kabla sijasahau. Kuna sistemi ya zamani inaitwa Unix, na kuna watu wanaandika UNIX yote kubwa, wanafikiri ni kifupi cha maneno manne. Si kifupi. Ilizaliwa Bell Labs kule Marekani 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie, na jina lilikuwa mzaha juu ya sistemi kubwa iliyoitwa Multics, ile ilikuwa ya mingi, hii iwe ya moja. Herufi kubwa zilitoka wapi? Ritchie mwenyewe alieleza: walikuwa wamepata mashini mpya ya kupanga chapa, inaweza kutoa herufi kubwa za umbo dogo, na walilewa na hiyo furaha. Njo yote! Kama mtu aliyenunua kalamu ya dhahabu akaandika barua zote kwa dhahabu. Na sisi miaka hamsini baadaye tunabishana kama ni kifupi cha nini.

Sasa namba. Hapa mnisikilize vizuri, hapa njo pesa zenu zinapotea.

Windows ya kwanza ilitoka 1985, namba 1.0. Ikaenda kwa utulivu mpaka 3.1. Kisha 1995 wakaruka: Windows 95. Mwaka njo jina! Nzuri sana, mpaka mwaka upite. Mliokuwa na mashini ya 98 mwaka 2003 mnakumbuka ile haya, inawaka mbele ya mgeni inaandika umri wake kwa herufi kubwa. Kisha ikaja 2000, ikaja Me na e yake ndogo, hiyo tuipite haraka kama tunavyopita nyumba ya msiba usioujua, kisha XP. Microsoft walisema XP inatoka kwa neno la Kiingereza la kuonja na kuishi jambo, experience. Kisha Vista. Kisha 7.

2010, yule yule kijana wa staji, hapana, huyu ni mwingine, wa kabla yake, anafungua lile dirisha jeusi anaandika amri ya herufi tatu, ver, anabonyeza. Mashini ni Windows 7, mimi mwenyewe nimeiweka. Inamjibu: 6.1. Alikimbia mpaka nje nilipokuwa nakula: "Shefu, batudanganya! Iyi haiko sept, iko six tu!"

Na alikuwa na haki! Ndani ya Windows 7 kumeandikwa 6.1. Vista ilikuwa 6.0. Windows 8 ni 6.2, na 8.1 ni 6.3. Juu ya nini? Kwa sababu programu nyingi zikianza zinauliza sistemi: wewe ni namba ngapi? Zikisikia namba ya mbele imebadilika zingine zinakataa kuingia, hazijui huyo ni nani. Microsoft waliogopa hiyo, wakaacha 6 ndani, wakapaka 7 nje. Windows 10 wakaifanya kweli 10.0 ndani. Na Windows 11? Nendeni nyumbani leo muandike ver. Itawajibu 10.0, kisha namba ndefu, 22000 au kupita. Kumi na moja iko kwa mlango tu, kama kibao changu.

Na 9 ilikwenda wapi? Hii ni maneno ya mafundi, si tangazo la kampuni, lakini ni tamu. Kulikuwa na programu za zamani, mistari yake watu wameiona, zilizokuwa zinaangalia kama jina la sistemi linaanza na "Windows 9", juu ya kuwajua 95 na 98 kwa pamoja. Ukileta Windows 9 ya kweli, programu inakuona wewe ni babu wa 1995. Mafundi wanasema njo maana waliruka. Mimi sina shida kuamini, nimeona programu zinazokataa mashini kwa mambo madogo kuliko hayo.

Lakini iliyoniuma ni 10. Mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisimama mbele za watu 2015 akasema Windows 10 ni ya mwisho. Ya mwisho! Hakuna jina lingine tena. Mimi nikafurahi kama mtu aliyesamehewa deni. 2016 nikamwambia fundi wa rangi: hii sasa weka rangi ya mafuta, ya nguvu, mara mbili, hatuandiki tena. Akaweka. 2021 ikatoka 11. Ile rangi ya mafuta ilikataa kutoka, tulikwangua siku mbili na kipande cha chupa.

Na kama mnafikiri ni namba za nje tu zinazodanganya, fungueni Windows muangalie dosie linaloitwa System32. Mashini yako ni ya biti 64, kizazi kipya, si ile ya zamani ya biti 32. System32 ndani yake kuna vitu vya biti 64! Na vile vya biti 32 vimewekwa wapi? Kwenye dosie lingine, jina lake linaisha na 64. Si utani. Programu nyingi mno zilikuwa zimekariri njia ya System32, wakiibadilisha jina kila kitu kinaanguka, basi wakaacha jina la marehemu kwenye mlango wa aliye hai. Apple ni hivyo hivyo. Mwisho wa 1996 walikubaliana kununua kampuni ya NeXT, n kubwa, e ndogo, X na T kubwa, na sistemi yao NeXTSTEP imewahi kuandikwa namna nne tofauti, herufi zinapanda na kushuka kama bei ya mafuta. Kampuni ilikwisha. Lakini leo programu ya iPhone ikianguka, ukisoma karatasi ya makosa, unaona maneno yanaanza na NS, NS, NS. N ni NeXT, S ni STEP. Koma yetu ya E'ville, mnaikumbuka?

Hapa njo umeme ulikatika. Mama mmoja alisema "tuendelee, maneno hayahitaji courant", wakampigia makofi kuliko mimi.

Basi tuingie kwa telefoni. Mama mmoja anauza kapenta, wale dagaa, sokoni Kenya, komini yetu ya hapa Lubumbashi, mteja wangu, mtu wa hesabu kali. Amenunua telefoni kwa mtu anayetembea na begi. Kikaratoni kimeandikwa Android 12, na Android njo sistemi ya Google ya telefoni. Akiingia ndani kwa mipangilio, Android 12. Bei nzuri. Lakini WhatsApp inakataa kuingia. Ameniletea imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto. Mimi nimeingia kwa mipangilio, nimeona 12, nimejaribu, imekataa. Nikachomeka kebo kwenye mashini yangu nikaiuliza kwa namna nyingine, si jina, namba ya ndani, ile ambayo programu zenyewe zinasoma. Ikanijibu 19.

Kumi na tisa! Kwa anayejua, 19 ni Android 4.4, ya 2013. Na WhatsApp mwisho wa 2023 ilianza kudai angalau Android 5.0. Mtu alibadilisha mstari mmoja wa maandishi ndani, jina tu, ile 12, lakini namba ya ndani alisahau au hakuijua. Nikamweleza mama. Alinyamaza. Akaishika, akaigeuza, akasema: "Mwanangu, kumbe banapaka na telefoni poda?"

Mama, banapaka.

Na ile 4.4 wakati wake ilikuwa na jina tamu, iliitwa KitKat, chokoleti ile ya karatasi nyekundu. Android walikuwa wanaita matoleo yao kwa vitamu, kwa alfabeti: Cupcake, Donut, Eclair, Froyo, Gingerbread, mpaka Oreo, mpaka Pie ya 2018. Nani hapa amekula Gingerbread anyooshe mkono. Naona mkono mmoja, wewe umesoma Ulaya hatukuhesabu. Ice Cream Sandwich ni nini? Nilifundisha wanafunzi orodha ile kwa kichwa, wakaikariri kama katekisimu, na hakuna hata mmoja, mwalimu akiwemo, aliyejua ladha ya hata nusu yake. Nikawaambia tutengeneze yetu. B wakasema bukari, ugali wetu. C chikanda. M munkoyo. Mmoja akasema bukari si kitu kitamu, wengine karibu wampige.

2019 Google wakaacha, ikawa Android 10, namba tupu. Na sababu walizotoa zilinifurahisha. Walisema pie si kitu cha kumalizia chakula kila nchi. Na walisema kuna lugha ambazo L na R haziachani mtu akizungumza, basi Lollipop inasumbua. Hapo nilicheka peke yangu. Hapa Lubumbashi nusu ya meza wanasema bukari, nusu wanasema bukali, na sahani ni moja! Ingetosha wangetuuliza.

Lakini ndani? Ndani vitamu havikuisha. 13 ndani inaitwa Tiramisu, 15 Vanilla Ice Cream, 16 wameanza alfabeti upya, Baklava. Wanaitana hivyo wao kwa wao, kama jina la nyumbani ambalo mwalimu wa shule halijui. Na neno lenyewe android lilikuwa linaandikwa herufi ndogo tupu, rangi ya majani. 2019 wakalifanya jeusi, 2023 wakalipa A kubwa, ili likisimama karibu na Google lisionekane dogo. M kubwa ya Mac ilishuka, A hii ikapanda. Hakuna sheria, wandugu, kuna nani amesimama karibu na wewe kwenye picha.

Nimalizie na jina ambalo ni letu. Linus Torvalds 1991 alipotengeneza sistemi yake hakutaka kuiita Linux, aliona ni kujisifu. Yeye alitaka Freax. Mwenzake Ari Lemmke, aliyekuwa anaangalia seva kule Finland, alipomfungulia dosie aliandika tu linux, jina likabaki. Ni kama shangazi anayefika maternité wa kwanza. Na juu ya hiyo Linux, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akajenga Ubuntu. Hilo mnahitaji nitafsiri? Kiswahili utu, Waluba wa hapa wanasema bumuntu. Namba yake ya kwanza ilikuwa 4.10, na watu waliuliza 1, 2, 3 ziko wapi. Hazipo! 4 ni mwaka 2004, 10 ni mwezi wa kumi. 24.04 ni mwezi wa nne wa 2024. Hiyo namba haikupaka poda, inasema siku yake ya kuzaliwa. Na Apple 2025 wametoka iOS 18 wakaruka mpaka iOS 26, na mac yao nayo 26, kwa hesabu ya mwaka unaofuata. Ile ya Windows 95 imerudi, miaka thelathini baadaye, na viatu vipya.

Maswali yalikuwa matatu, naandika moja. Muzee mmoja, huyo wa kikohozi, aliuliza: sasa mutu wa kawaida afanye nini dukani? Nikamjibu: muzee, usisome kikaratoni wala mlango. Kwa mashini, shika ile kitufe ya Windows na R, andika winver, usome kidirisha kinachotokea, na mstari wa pili hasa, si ule wa juu wenye herufi kubwa. Kwa telefoni usikubali kuonyeshwa mipangilio peke yake, jaribu kuweka WhatsApp pale pale mbele ya muuzaji, pesa ikiwa bado mfukoni mwako. Akauliza akikataa? Nikasema akikataa umeshapata jibu lako.

Na kibao? Kijana mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, "Papa, na kibao?" Kibao tumekipaka tena baada ya jumamosi ile, mara ya saba. Fundi wa rangi alikuja na rula yake, akaniuliza niandike macOS na m kubwa au ndogo, nikamwambia ndogo, akasema herufi ndogo bei ni ile ile. Tumeandika TUNAWEKA WINDOWS, chini macOS, chini LINUX, na baada ya kila jina nimemwambia aache fasi, mkono mmoja hivi, nyeusi tupu. Namba naandika mwenyewe na chaki. Jana mvua ilifuta zote, asubuhi nikaandika tena.